Wewe Mashine, Mwambie

Alice Springs, hosteli ya wagonjwa wa figo
3 Machi 2023

Dada yangu Wipana,

Nakusalimu wewe, na nayasalimu magoti yako yote mawili, lile linalouma na lile linalojifanya halijambo. Mbwa wako je? Mvua imeonja huko Malu Bore, au bado mnakula vumbi?

Mimi nina miaka sabini na sita. Nimeuona mwisho wa mabosi watatu wa ranchi ya Harkness Downs, mwisho wa farasi wangu kumi na mmoja, mwisho wa misheni na kengele yake, na mwisho wa ule moshi mweusi wa bomu la majaribio uliotufunika tukiwa watoto. Nimeuona na mwisho wa daktari aliyeniambia sitafika Krismasi. Krismasi nilifika, yeye ndiye hakufika. Nakuandikia haya ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kulialia.

Nawashwa.

Najua ni neno dogo. Mtoto akiumwa na mbu anasema nawashwa. Lakini huu si wa mbu, dada. Huu uko chini ya ngozi, mahali kucha haifiki. Mgongo, mapaja, mikono, hata nyayo. Nikiukuna hapa unahamia pale, kama ng'ombe mkorofi anayekuzunguka kichakani. Nimejikuna kwa uma wa jikoni, nimejikuna kwa brashi ya viatu, nimejisugua kwenye nguzo ya veranda kama fahali mzee, mpaka mpishi wa hosteli akatoka na mwiko wake.

"Mzee, nguzo hiyo ndiyo inashikilia paa letu."

Nikamwambia, "Na mimi nashikilia ngozi yangu. Tuone nani ataachia kwanza."

Mashine yenyewe ni ileile. Mara tatu kwa wiki, saa tano kila mara, inanitoa damu, inaifua, inanirudishia. Mkono wa kulia una sindano mbili, wa kushoto ndio unaokuandikia. Baba hakukosea kuniita Tjampu, mwenye shoto. Wenzangu hapa wanaandikiwa barua na manesi. Mimi naandika mwenyewe. Herufi nilijifunza kwenye mapaja ya ng'ombe kwa chuma cha moto, H na D kwanza, nyingine zikafuata zenyewe.

Sasa nisikilize. Nitumie dawa ya mama, yale majani ya irmangka aliyokuwa akiyaponda na kuyachemsha kwenye mafuta. Usiniambie niende kumwambia nesi. Hilo haliwezekani.

Mdogo wako,
Tjampu


Malu Bore
14 Machi 2023

Mdogo wangu Tjampu,

Magoti yamesikia salamu zako na hayakujibu. Mbwa wanne hawajambo, wa tano amehamia kwa jirani anakolishwa vizuri zaidi. Mvua hakuna. Mawingu yanakuja, yanatutazama, yanaondoka.

Farasi kumi na mmoja? Walikuwa watano, na wawili kati ya hao walikuwa wa bosi. Mmoja alikuangusha mbele ya watu wote siku ya mashindano, nikakufunga bega kwa kitambaa cha kichwa changu. Daktari aliyekufa sijui habari zake, Mungu amlaze.

Lakini kuhusu kuwashwa sikucheki. Rafiki yangu wa kanisani, yule marehemu ambaye jina lake hatulitaji sasa, naye alikuwa kwenye mashine huko mjini. Aliwashwa mpaka akawa anavaa soksi mikononi. Siku alipowaambia, wakampa dawa ya kumeza baada ya mashine, wakampa na mafuta ya kupaka. Akaniambia, "Wipana, nimelala kama mtoto aliyeshiba." Kwa hiyo dawa ipo. Kinachohitajika ni mdomo wako.

Na vile vidonge vya kutafuna pamoja na chakula, unavitafuna? Usinidanganye. Nakujua tangu uko mgongoni mwa mama.

Irmangka imekauka huku karibu. Iliyobaki iko kule chini ya vilima, na miguu hii haifiki bila gari. Nikipata gari nitakwenda. Ningekupigia simu nikugombeze vizuri, lakini sikio langu halisikii simu, linasikia upepo tu.

Kwa nini haliwezekani? Andika.

Dada yako,
Wipana


Alice Springs
2 Aprili 2023

Dada Wipana,

Salamu kwako, kwa mbwa wanne waaminifu, na kwa yule msaliti wa tano.

Umeuliza kwa nini. Haya.

Kwenye chumba cha mashine kuna nesi mmoja wa kwetu, ndiye aliyewekwa kutuuliza maswali sisi watu wa jangwani. Manesi wengine wanapita mbio, wanasema na saa zao. Huyu anakaa. Ana karatasi, anauliza umelalaje, umekula nini, unaumwa wapi. Siku ya kwanza alikuja akitabasamu, akasema, "Mzee, mimi nimekulia Adelaide, lakini bibi yangu ni Daphne, wa upande wa magharibi. Labda unamfahamu."

Dada, nilitaka kitanda kifunguke kinimeze.

Daphne si ni mdogo wake mama mzaa mke wangu? Na mjukuu si anakaa kwenye kiti cha bibi yake? Basi piga hesabu mwenyewe. Ana miaka ishirini na sita, ana kipini puani, na ni mama mkwe wangu.

Wala hajui. Mjini hawakumfundisha. Kila siku ya mashine anakuja, anainama usoni kwangu, anauliza, "Mzee Tjampu, unawashwa leo? Moja mpaka kumi, ni ngapi?" Mimi nageukia ukutani, nafumba macho. Nikimtazama au kumsemesha nimemtukana yeye, na nimemtukana mama wa watoto wangu kaburini kwake, ambaye jina lake unalijua na silitaji. Basi anasubiri kidogo, halafu anaandika. Nimeiona karatasi. Imeandikwa: hana malalamiko.

Kitanda cha pili yuko Clem. Unamkumbuka Clem, aliyenishinda mbio za farasi mwaka sabini na moja kwa urefu wa pua, na pua hiyo si ya farasi, ni yake mwenyewe. Anamwambia yule binti, "Mwache huyo, masikio yake ni ya mapambo." Utasema nimtume Clem anisemee. Nimpe Clem furaha ya kuutangazia mji mzima kwamba Tjampu, aliyefikisha ng'ombe mia tano Oodnadatta akiwa na ubavu uliovunjika, analia kwa sababu anawashwa? Afadhali nijikune mpaka mfupa.

Nitakwambia na hili. Wiki hii mara mbili nimewaambia wanifungue baada ya saa tatu. Siwezi kulala chali saa tano nikiwaka moto mgongoni. Vidonge tusivizungumze.

Jana nililala mchana nikamwota mama. Tulikuwa kwenye kijito, wewe na mimi, tumejaa upele kwa kulala na mbwa, naye anatupaka. Mikono yake ilikuwa mikavu kama gome, lakini mafuta yale yalikuwa ya moto, na ile harufu, dada. Niliamka naitafuta kwenye mto.

Tuma dawa.

Mdogo wako,
Tjampu


Malu Bore
18 Aprili 2023

Mdogo wangu Tjampu,

Barua yako ilichelewa kwa sababu ya Pasaka, gari la posta halikuja. Sisi hatujambo. Mvua, usiulize.

Nilicheka mpaka jirani akaja kuniangalia kama nimeanguka. Halafu nikaacha kucheka. Kuhusu mama mkwe una haki, sitakwambia umvunjie heshima. Mimi mwenyewe nisingemtazama kama ningekuwa wewe. Lakini kujifungua mashine kabla ya saa zake, hiyo si heshima kwa mtu yeyote. Unaacha uchafu ndani ya damu, kisha unashangaa ngozi inalalamika.

Ng'ombe walikuwa mia mbili. Na mlifika Oodnadatta kwa sababu mimi niliwapikia mkate wa majivuni njia nzima, na hakuna aliyeuimba mkate wangu mpaka leo.

Dawa hiyo hapo, kwenye kopo la maziwa ya unga. Gari la kliniki lilikuwa linapita upande wa vilima nikaomba lifti. Wakanishusha, wakaniacha saa nzima nikichuma. Nilikaa chini kwa kuwa magoti hayainami, nikajivuta kichaka kwa kichaka kama mtoto anayetambaa. Nilipoponda majani nyumbani, harufu ilipotoka tu, nilisema kwa sauti, "Mama, karibu." Mbwa wote wanne waliangalia mlangoni.

Paka mgongo, miguu, na mkono wa kushoto. Usipake mkono wa kulia kwenye sindano. Itakupoza ngozi, Tjampu. Lakini kilicho ndani hakitoki kwa kupaka nje. Waambie.

Dada yako,
Wipana


Alice Springs
27 Aprili 2023

Dada Wipana,

Salamu. Kopo limefika. Nililifungua chumbani, mzee mmoja wa kaskazini akaingia bila kubisha hodi, akasimama tu hapo ananusa, machozi yanamtoka. Nilimpaka kidogo kwenye viganja. Siku tatu nilikuwa mfalme. Nilitembea mpaka mtoni na kurudi bila kujikuna, na watu waliniona.

Siku ya nne ukarudi. Ulirudi na ndugu zake.

Kwa hiyo nimeamua. Ijumaa ya tarehe 12 Mei napanda gari la posta narudi Malu Bore, na kwenye mashine sirudi tena. Nitandikie godoro upande wa mashariki wa nyumba, nipate kuona vilima. Blanketi ninalo. Nitakaa pale tuzungumze habari za zamani mpaka yaishe.

Najua maana yake. Daktari alishanieleza, ni wiki moja, mbili zikiwa nyingi. Nimeishi vya kutosha. Sitaki kumalizia siku zangu nikijisugua kwenye nguzo ya watu. Usiniandikie maneno ya kanisani.

Mdogo wako,
Tjampu


Malu Bore
29 Aprili 2023

Tjampu,

Leo hakuna salamu. Dereva wa posta yuko mlangoni, amenipa muda wa kikombe kimoja cha chai, na chai nimemjazia ya moto makusudi.

Godoro sitandiki.

Nimewazika wazazi wetu, nimemzika mume wangu, nimewazika wanangu wawili. Nimebaki na wewe, mtu mmoja tu duniani anayejua kijito kile kilikuwa upande gani wa ule mwamba. Ukifa wewe, nitamwambia nani kwamba farasi walikuwa watano? Nani atabisha? Nitakuwa kibibi kinachoongea na mbwa. Umekubali figo zikutoe nyumbani, umekubali sindano, umekubali kukaa chumba kimoja na Clem, halafu uje ufe kwa sababu ya kujikuna na kiburi? Hapana.

Sasa fikiri kidogo, maana umesema mwenyewe una akili. Baba alikaa kambi moja na bibi mzaa mama miaka yote ile. Ulimsikia hata siku moja akimwambia neno? Hukumsikia. Je, bibi alilala njaa? Alikosa kuni? Alikosa kujua kwamba maji yako wapi? Kumbuka Nipper, yule mbwa mwekundu mwenye sikio moja. Baba anarudi na nyama ya kangaruu, anakaa amempa bibi mgongo, anamwambia nani? Anamwambia Nipper. "Wewe Nipper, mwambie mwenye moto kwamba ule mkia ni wake." Na bibi, uso ameuelekeza machakani, "Nipper, mwambie mwindaji mkia wa safari iliyopita ulikuwa na mafuta zaidi." Tulikuwa tunacheka mpaka mama anatufukuza. Mbwa yule alibeba ndoa nzima mgongoni.

Heshima ya baba ilipungua? Haikupungua.

Na Daphne anakaa pale kwenye kituo cha mafuta njia ya mjini. Dereva atamfikishia ujumbe wangu leo jioni, amweleze mjukuu wake kuwa yeye ni nani kwako. Hiyo ni kazi ya bibi, ilitakiwa ifanyike zamani. Iliyobaki ni yako.

Chai imeisha. Dereva anapiga honi.

Dada yako,
Wipana


Malu Bore
13 Mei 2023

Mdogo wangu Tjampu,

Sijui salamu hizi nazituma wapi.

Jana gari lilikuja. Nilikuwa nimekaa barabarani kwenye kiti tangu asubuhi. Walishuka wanawake wawili na mtoto, magunia ya unga, tairi. Nikamwuliza dereva, "Na ndugu yangu?" Akasema, "Hakuwepo kituoni, mama. Nilimsubiri kidogo." Akanipa mkono kunisaidia kusimama, nikamwambia niache nikae kwanza.

Hukuja kwa sababu umekubali mashine, au hukuja kwa sababu umeshindwa hata kufika kituoni? Nimejiuliza hilo tangu jana.

Usiku mvua ilianza, hii tuliyoililia mwaka mzima. Leo asubuhi umeme wa kliniki umekatika na simu yao haisemi. Mto umekata barabara. Dereva mwenyewe amekwama hapa anakula mkate wangu. Barua hii naiandika bila kujua itatoka lini.

Sikukuambia jambo moja. Godoro nililitandika. Upande wa mashariki. Nilikuwa nimesema sitandiki, nikalitandika. Mvua imelilowesha nimelivuta ndani.

Kama uko hai, niandikie tusi lolote.

Dada yako,
Wipana


Alice Springs
9 Juni 2023

Dada yangu Wipana,

Wewe kibibi chenye haraka, nakusalimu. Tusi ndilo hilo, uliliomba. Niko hai, nakula, nanenepa shingoni. Hii ni barua ya pili. Ya kwanza niliandika tarehe 15 Mei, nasikia imelala posta wiki tatu ikingojea barabara ikauke, kwa hiyo zitakufikia pamoja kama ndugu. Anza na hii, ina habari zaidi. Sasa una mvua, usilalamike tena. Kijito kimetiririka? Niambie upande gani wa mwamba. Mimi nasema kushoto.

Nikueleze ilivyokuwa.

Alhamisi ya tarehe 11 nilikwenda kwenye mashine kwa mara ya mwisho. Kwa hesabu yangu ilikuwa ya mwisho. Mzigo nilikuwa nimeshaufunga. Nilikwenda ili nimuage Clem, maana hata adui anaagwa, na nilikuwa na barua yako mfukoni. Nilikuwa nimeisoma mara nne na nimekukasirikia mara nne.

Wakaniunganisha. Yule akaingia na karatasi yake. Nikageukia ukutani kama kawaida, nikangoja swali. Swali halikuja. Nikasikia kiti kinaburuzwa. Nikachungulia kwa pembe ya jicho, kidogo tu, dada, kama mtu anayeangalia jua. Amekiweka kiti miguuni pa kitanda, amekigeuza, amekaa amenipa mgongo. Amejifunika kitambaa kichwani mpaka shavuni. Karatasi iko magotini.

Clem akasema, "Binti, leo umegombana na nani, na sisi au na hewa?"

Akajibu, "Leo nakaa hivi."

Hapo nikajua Daphne amesema naye. Na nikajua jambo jingine, kwamba binti wa watu amekuja na heshima yote aliyofundishwa kwa simu siku moja, lakini hajui aingie mlango gani. Yeye hawezi kuniuliza tena. Mimi siwezi kumwambia. Tumekaa kama milima miwili. Saa inakwenda, mgongo unawaka.

Nikatafuta mbwa. Hospitali haina mbwa.

Nikaitazama mashine. Nayo inanitazama na taa yake ya kijani. Nikasema kwa sauti, chumba kizima kikasikia, "Wewe mashine."

Clem akakohoa.

"Wewe mashine, mwambie mwenye karatasi kwamba hapa kuna mzee anawashwa. Mwambie si moja mpaka kumi. Ni kumi na nne."

Nikaona mgongo wake umenyooka. Halafu, dada, akageuza kichwa kidogo upande wa dirisha, akasema polepole kama anayepima kina cha maji kwa mguu, "Mashine, muulize mzee ni tangu lini."

"Mashine, mwambie tangu Krismasi."

"Mashine, muulize ni wapi zaidi."

"Mashine, mwambie ramani yote."

"Mashine, muulize kama anamaliza saa zake."

"Mashine, mwambie yeye ndiye mwenye karatasi, asome."

"Mashine, muulize kama vidonge vya chakula anavitafuna."

"Mashine, nyamaza."

Clem alicheka mpaka mashine yake ikaanza kupiga kengele, manesi watatu wakaja mbio wakidhani anakufa. Akawa anawaelekeza kwa kidole, hawezi kusema. Lakini yule hakucheka wala hakusogea. Akangoja kengele inyamaze, akasema, "Mashine, mwambie mzee nitauliza tena."

Nikaona hakuna pa kukimbilia. Nikasema, "Mashine, mwambie vimo ndani ya kiatu cha kushoto. Vyote. Tangu Januari."

Aliandika muda mrefu. Nadhani karatasi ile sasa ina malalamiko kuliko kitabu cha polisi. Siku hiyohiyo akaja daktari, mwanamke mfupi, huyo si mkwe wa mtu hapa, nikaongea naye uso kwa uso. Akasema watu wengi wa mashine wanawashwa, nusu yao hawasemi, wanadhani ni lazima. Akasema damu yangu imejaa vitu ambavyo vile vidonge vingevizuia, na saa nilizoiba zimeniibia mimi. Akanipa kidonge kidogo cha kumeza baada ya mashine, siku za mashine tu. Akanipa mafuta mazito ya ngozi. Nikamwonyesha kopo lako. Akanusa, akasema endelea nalo, ila mbali na sindano. Umesikia? Ni kama ulivyosema wewe. Sitaandika sentensi hiyo mara ya pili.

Ijumaa ile ya gari la posta sikwenda kituoni. Nilikuwa nimelala. Dada, nililala saa tisa mfululizo baada ya kile kidonge, mpishi akaja kunigusa pua kama napumua. Sikukumbuka gari mpaka lilipokwisha ondoka. Sikujua kwamba wewe umekaa barabarani kwenye kiti. Ningejua ningemtuma hata Clem kwa miguu.

Sasa wiki nne zimepita na saa zangu tano nazimaliza. Haujaisha, sitakudanganya. Lakini lile lilikuwa kundi la ng'ombe mia tano, leo wamebaki ndama wawili, na ndama wawili naweza kuwachunga nikiwa nimelala. Mia mbili, haya, walikuwa mia mbili.

Nina jambo la mwisho nililoliweka moyoni. Siku ileile, aliponitoa sindano, ilibidi ashike mkono wangu, hakuna njia. Alinishika kwa glavu, ameangalia pembeni. Alipomaliza kufunga bandeji akasema, "Mashine, mwambie mzee bibi yangu amenieleza. Mwambie miezi minne nilikuwa naenda nyumbani nikijiuliza nimemkosea nini. Mwambie nilidhani ananichukia."

Niliitazama ile bandeji. Mwisho nikasema, "Mashine, mwambie hapana. Mwambie ningemchukia ningemtazama."

Akatoka haraka. Clem hakufanya mzaha. Alinisogezea biskuti yake, akasema, "Hata baba yangu alikuwa na mbwa." Basi.

Sasa fungua masikio yote, hata lile la upepo. Lori la mashine, lile linalozunguka kwenye vijiji vyetu, litakuja Malu Bore mwezi wa tisa, wiki mbili nzima. Wanachukua wenye damu safi wasiokimbia saa zao. Jina langu limo, la tatu. Aliyeliandika ni yule yule, na yeye ndiye nesi wa safari. Kwa hiyo tandika lile godoro upande wa mashariki, ulikaushe vizuri, safari hii ni la kukalia tu. Nichemshie irmangka, si kwa ngozi, kwa harufu. Na usiwaruhusu mbwa waondoke. Nitahitaji mmoja wa kunisemea nikiwa nje ya lori, mashine haibebeki. Mchague mwenye subira.

Utasema Tjampu anapamba, kama farasi, kama ng'ombe. Safari hii sipambi. Muulize Clem, ingawa ataongeza chumvi. Muulize mpishi aliyenigusa pua. Na zaidi ya wote muulize mama mkwe wangu, yeye ana kila kitu kwenye karatasi kwa mwandiko wake. Muulize wewe, dada. Mimi siwezi.

Mdogo wako,
Tjampu